Ulimi wa Mgeni

"Mguu huu haushikwi na mtu mpaka mgeni auone!" Bi Kirembo aling'aka, akauficha chini ya kanga. Harufu ya kidonda ilikuwa imetanda wodi nzima.

Daktari Shekue akarudisha mkono wake.

Daktari mgeni, aliyeletwa na shirika la msaada kumsaidia Shekue, aliinama, akatazama, kisha akanong'ona kwa lugha yake: "Sijawahi kuona kidonda kama hiki. Wewe unaonaje?"

"Kasemaje?" akauliza Bi Kirembo.

Shekue akamgeukia. "Anasema tukate vidole viwili leo hii, la sivyo mguu wote utakwenda."

"Ehee! Huyo ndiye daktari." Bi Kirembo akautoa mguu. "Ila mwambie akate kwa mkono wake, si wewe."

Shekue akageuka kutafsiri. Mgeni alikuwa keshamnyooshea kisu, mpini mbele.