Kipande cha Tyubu

"Taa za gari hili zilimzimikia marehemu mume wangu kwenye kona ya kinu," mjane Raukia alimwambia fundi Mbwana. "Nataka nijue kisa."

Mbwana akafungua boneti. Waya wa betri ulikuwa umefungwa kwa kipande cha tyubu, mafundo mawili, kazi ya mikono yake mwenyewe. Siku ile alipomfungia marehemu, nati alikuwa nayo mfukoni, ila mteja anayefungiwa nati harudi tena.

"Ni kutu, mama," akasema. "Kutu haina mwenyewe."

"Basi nifungie vizuri, baba. Nina watoto humu."

Akakata kipande kipya cha tyubu, akakaza mafundo mawili. Taa zikatulia. Raukia akamwombea dua ndefu, akaondoka magharibi ikiingia.

Kwenye kona ya kinu taa zikapepesa.