Nyota ya Marehemu

Phelesia alikataa kubandikwa nyota ya karatasi.

"Ni ya kumheshimu marehemu, mama," alisema msichana wa langoni, pini mkononi. "Kila mgeni anavaa."

"Mbandike huyo marehemu," Phelesia akajibu, akampita.

Goti lilikuwa linamuuma kwa kuupanda mlima Asego. Alikuwa njiani tangu asubuhi, kutoka Muhuru Bay, akibadilisha gari pale Migori, na yote hayo kuja kuona watu wazima wakikodolea mbingu macho. Nyota zipo kila jioni, bure, hata ukienda chooni unaziona. Lakini mwenyeji wao, Cephas, alikuwa amezifanyia sherehe. Kulikuwa na mahema, kipaza sauti, soda za watoto, na darubini iliyosimamishwa kwa miguu mitatu na kufunikwa shuka jeupe kama maiti. Bango lilisema: SHEREHE YA NYOTA YA MAMA. NJOONI NA FAMILIA ZENU.

Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi cha mwaka wa tisini na sita, na vumbi la mlimani lilikuwa limeshamkalia kila mtu kwenye nyusi. Phelesia aliketi kwenye turubai kando ya Habon, mwanamke mwenye duka la nguo mjini Oyugis, aliyekuja na wanawe. Watoto hao walikuwa wameshamwaga soda. Habon alimsogezea Phelesia andazi.

Jua lilipotua, Cephas alishika kipaza sauti. Alivaa suti ya kijivu na tai.

"Suti juu ya mlima," Phelesia alinong'ona. "Sijui anadhani nyota zitamwandika kazi."

"Mama yangu aliniacha nikiwa mdogo," Cephas alianza, sauti ikitetemeka pale pale ilipotakiwa kutetemeka. "Lakini usiku, tukianika omena, wale dagaa wa ziwani, ufukweni, alinionyesha nyota moja moja kwa jina lake."

Phelesia akaguna. "Nani anaanika omena usiku? Zioze?"

Habon alificha kicheko kwenye mtandio. "Kumbe ulimjua mama yake?"

"Tangu usichana wake. Hakuwahi kujua jina la nyota hata moja. Kwake zote ni sulwe, yaani nyota, basi. Na akishakula jioni, ni kulala."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mjinga." Phelesia alitafuna andazi taratibu. "Alikuwa na ng'ombe mmoja. Akamuuza ili huyu aende Nairobi na viatu miguuni. Akaahidiwa barua."

"Maskini. Akafa bila kula jasho la mwanawe."

"Hajalila, hiyo ni kweli."

"Mungu amrehemu."

"Amina," Phelesia akasema. "Anahitaji."

Kule mbele, wafadhili wake wawili kutoka ng'ambo walikuwa wakifuta macho kila Cephas alipotaja umaskini. Sasa alikuwa amefika kwenye njaa. Alisema alilala bila chakula, na kwamba alikwenda shuleni tumbo tupu kwa sababu yatima hana wa kumkorogea uji.

Hilo lilimchoma Phelesia kuliko mengine yote. Mambo ya nyota angeweza kuyacheka. Lakini katika nyumba ile uji haukuwahi kukosekana, hata mwaka ule mvua ilipogoma, na yeyote aliyesema vingine alikuwa anadanganya mbele za Mungu. Alilitupa andazi lililobaki.

Watu walipiga makofi. Cephas akamwita mkewe, Nyaboke, na watoto wao wawili, wamevaa soksi nyeupe kana kwamba mlima hauna vumbi. Phelesia aliwatazama watoto wale muda mrefu. Kisha Nyaboke alifunua darubini, na Cephas akanyoosha kidole upande wa magharibi, penye nyota moja kubwa kuliko zote.

"Ile pale," alisema. "Nimempa Mama."

"Ng'ombe hakurudisha," Phelesia alinung'unika. "Nyota ndiyo ametoa."

Alisimama akajipangusa vumbi. Alikuwa ameona ya kutosha, na mtu mwenye akili angeteremka kabla giza halijakolea. Alipiga hatua kuelekea njia ya kuteremkia. Kisha akawatazama tena wale watoto wenye soksi nyeupe, akageuka, akajiunga na foleni ya darubini, nyuma ya Habon na wanawe.

Zamu yake ilipofika, Nyaboke alimshika mkono kwa adabu.

"Karibu, mama. Inama kidogo. Hapo. Umeiona nyota ya mama mkwe?"

Phelesia alifumba jicho moja. Kitone cheupe kilikuwa kinatetemeka kwenye giza.

"Nimeiona. Ni ndogo."

Nyaboke alicheka kwa upole. "Natamani ningemkuta. Cephas humtaja kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Pembeni, Cephas alikuwa akiwapa watu mkono bila kuwatazama usoni. "Asante, mama. Asante, mzee. Asante, mama." Mkono wake ukaingia katika mkono wa Phelesia, naye Cephas akausikia ule ugumu wa kiganja cha yule mama. Akainua macho. Tabasamu likamwisha.

Nyaboke alimtazama mumewe, halafu mgeni. "Mnajuana?"

Cephas alikohoa. Wafadhili walikuwa wamesimama nyuma yake tu.

"Hapana," alisema. "Huyu mama simjui."

Phelesia hakuuachia ule mkono.

"Usimlaumu, mke wa mwanangu," alimwambia Nyaboke. "Mwulize tu alinizika wapi."