Chachu ya Marehemu

Tarehe sita Juni, asubuhi yenye ukungu mzito, Siwema aliambiwa na kaka yake akaimwage chachu iliyobaki katika chungu cha marehemu mama yao. Tangu mazishi hakuna aliyeitia unga, lakini povu lilikuwa likiinua kifuniko taratibu, kama mtu anayepumua chini ya shuka.

"Isipotoka hiyo, nitahama mimi," kaka alisema.

Siwema hakuimwaga; jioni alikibeba chungu hadi kwenye darasa la sayansi la watu wazima.

"Bi Siwema, leo umetuletea uji?" Mwanajuma, mshoni aliyekaa dawati la nyuma, alimtania. Siwema akawaeleza kuwa kaka yake anatishia kuhama chachu hiyo isipomwagwa.

Mwalimu Kombo aliweka tone moja kwenye hadubini. Siwema akapiga bismillahi, akainama. Aliona viduara vingi, na vingine vilikuwa vikichipuza vidogo ubavuni.

"Hizo ni seli," mwalimu alisema. "Kila chenye uhai kimejengwa kwa seli, na seli haizuki yenyewe. Hutoka kwenye seli iliyoitangulia."

"Hizi zimetoka kwenye zipi?"

"Kwenye zile alizokoroga mama yako. Naye alizipokea kwa mama yake. Uzazi huo haujakatika."

"Na mimi je?"

"Nawe vilevile."

Siwema aliweka kiganja ubavuni mwa chungu. Chungu kilikuwa na joto, kama tumbo la mtu.

"Na kakako?" Mwanajuma aliuliza, safari hii bila utani.

"Ahame. Nanyi nyote ni mashahidi wangu: Mungu akinipa uzima, nitailisha chachu hii mpaka nami nizikwe."