Njia ya Katikati, Mwisho Kabisa

Mashauzi alikuwa amekalia jiwe la kaburi la koplo, miguu inaning'inia, anamenya chungwa. Kila mbegu aliitema upande wa jirani, na jirani mwenyewe ni sajini aliyelala pale miaka mingi.

"Shuka hapo," mpiga pasi akamwambia.

"Kwani atanidai kodi?"

Wenzao wakaangua kicheko. Mpiga pasi alisikia kinyaa. Tangu basi lilipowashusha getini, wanawake hawa anaofanya nao kazi ya udobi walikuwa wameyageuza makaburi ya mashujaa uwanja wa sherehe. Mmoja alijilaza kwenye nyasi kati ya wafu wawili apime kama pangemtosha. Mwingine alikuwa na vidole vya mafuta ya kuku, akavipangusa kwenye jina la mtu.

Na safari yenyewe aliichagua yeye. Wao walitaka kwenda kuona maporomoko ya maji. Akawabembeleza wiki nzima, akisingizia kwamba huku kuna kivuli na maua. Hakuwaambia kwamba anamfuata mwanawe. Miaka mitatu alikuwa hajamtia machoni. Mumewe alikataza hata jina la yule mtoto lisitajwe nyumbani, na picha zake alizitoa ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Mashauzi na wenzake, ambao aliwakuta kazini mwaka jana tu, walijua ana mabinti wawili, basi. Na heri wasijue zaidi. Neno likimwingia Mashauzi asubuhi, jioni liko sebuleni kwa mumewe.

Mtoto wa kaka yake ndiye aliyemnong'oneza: "Yuko pale makaburi ya mashujaa, shangazi. Fuata njia ya katikati, mwisho kabisa."

Basi akaifuata, mkoba kifuani, kundi nyuma yake kwa makelele. Mwishoni mawe yalikuwa mapya, meupe, udongo wake bado haujashika nyasi. Baada ya mawe ulikuwapo mnara, na askari wa zamu amesimama wima mbele yake na bunduki, kofia imemshuka hadi kwenye nyusi. Mpiga pasi alitupa macho mara moja tu. Akashika jiwe lililokuwa karibu.

"Una nini wewe?" akauliza mfua mashuka.

"Jua tu."

Hakutaka makubwa. Alitaka akae kimya pale kidogo, atazame, aondoke zake. Mlinzi wa geti, aliyekuwa akiwatembeza, ndiye aliyeharibu mambo.

"Huyu akiwa zamu haruhusiwi kutikisika wala kusema," alijisifu kana kwamba kazi ni yake. "Akicheka tu, leo analala mahabusu."

"Haya!" Mashauzi akapiga makofi. "Atakayemchekesha anakaa siti ya mbele!"

Wakaanza. Mfua mashuka alimkatikia kiuno puani kabisa. Mwingine akamchomekea ganda la chungwa kwenye kifungo cha shati, akamtekenya kidevu. Askari alikaza macho mbele, jasho linamtiririka shingoni. Mlinzi alicheka mpaka akajishika mbavu.

Mpiga pasi aliwatazama. Watu wazima, wazazi, wanamchezea mtoto wa mtu kama mbuzi wa mnadani, wanataka afungwe ili wapate kiti cha mbele! Hivi na wao wamezaa? Aliona haya kwamba mchana ule alikula nao sahani moja.

"Mwacheni! Amewakosea nini?"

"Ee, mwenzetu ana wivu!" Mashauzi alitoa rangi ya mdomo, akajipaka upya bila haraka, akamvuta askari shingo na kumbusu shavuni, busu la kelele. Alama ikabaki pale, nyekundu, inang'aa. Wakashangilia. Askari hakucheka. Mchezo ukawachosha, wakakimbilia nyuma ya mnara kupigana picha, mlinzi naye akawafuata.

Mpiga pasi alibaki. Alimtoa askari lile ganda la chungwa kifuani. Kisha akachomoa kitambaa, akatia ncha yake mate, akamfuta shavu polepole mpaka likatakata.

Askari hakutikisa hata ukope. Midomo tu ndiyo iliyoachana kidogo.

"Shikamoo, mama," akanong'ona. "Baba bado amekasirika?"