Fuko Abana Mfereji

Zamani, mfereji mmoja ulipowanywesha wengi, Fuko alilima viazi upande wa juu na Chura akalima majimbi upande wa chini. Fuko alikuwa mchoyo, hata wanyama wakamwita Mkono wa Birika.

Asubuhi moja aliona majimbi ya Chura yamenawiri, roho ikamuuma. “Nikiubana mfereji nusu,” aliwaza, “atapata maji nusu.” Akapanga mawe huku na huku, hatua chache kutoka shimo lake, kuelekea kwa Chura, akaacha kijia chembamba katikati. Kisha akaingia ndani, akajilaza juu ya viazi vyake vya akiba, akatabasamu.

Maji yalipofika kwenye mawe yalisita, yakajaa, yakapanda. Kisha yakachomoka penye wembamba kwa kasi, yakaenda zao kwa Chura. Yale yaliyojaa nyuma yakauona mlango wa Fuko, yakaingia bila hodi.

Fuko alitoka ameloa chapachapa, amekumbatia kiazi kimoja.

“Mjomba, unaoga au unahama?” aliuliza Chura kutoka kwenye majimbi yake.

“Nyamaza! Kwani maji yako hayajapungua?”

“Yapungue wapi? Yaleyale, ila leo yanapita mbio.”

“Lakini nimebana nusu nzima!”

“Umebana njia, mjomba, maji hukuyabana. Wewe unajua mkono wa birika tu. Mdomo wake hujawahi kuuona ukimimina?”

Fuko alikitua kiazi, akaanza kung’oa mawe upesi upesi.

“Taratibu, mjomba,” alisema Chura. “Usije ukanipa mengi.”