Soya ya Ijumaa Kuu

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, Kandida alitupa pilipili kavu kwenye makaa, akakimbilia nje, akauacha moshi ufanye kazi. Majirani zake wa Bagara wakaanza kukohoa nyumba kwa nyumba. Vizuri. Wakikohoa hawanusi.

Sufuriani kulikuwa na mbavu za mbuzi.

Si kwamba Kandida hakuwa na dini. Dini alikuwa nayo, friji ndiyo hakuwa nayo. Mumewe Vitus alirudi alfajiri kutoka lindoni akiwa na mbuzi begani. Bodaboda ilikuwa imemgonga mbuzi huyo kwenye barabara ya Bonga, dereva akaapa kwamba mbuzi ni wake mwenyewe, akamuuza papo hapo kwa bei ya kutupa. Vitus akamwahi kwa kisu angali anapumua. Pasaka ilikuwa keshokutwa, na mbuzi aliyegongwa hajui kalenda ya Kanisa.

Kandida naye hakuwahi kutupa chakula tangu azaliwe. Mapaja aliyapaka chumvi, akayatundika darini juu ya moshi yasubiri Ufufuko. Kichwa na miguu akaviweka vya supu. Ngozi ikaenda uvunguni, itafaa kukalia. Hata kengele ndogo ya shingoni mwa mbuzi aliipatia kazi: alimfungia mwanawe Blessing mguuni, maana mtoto alikuwa ameanza kutambaa na safari zake zote zilielekea jikoni. Zikabaki mbavu, ambazo hazikupata nafasi kwenye moshi. Akazichanganya na soya ya vipande, ile ya dukani inayojifanya nyama, ili mbavu nazo zijifanye soya.

Tatizo lilikuwa Romana, Mama Ritha, jirani wa upande wa pili wa ua.

Kila Pasaka jumuiya yao hula pamoja, na mpishi mkuu ni Kandida, kwa sababu anaweza kulisha kwaya nzima kwa kuku mmoja na kwaya bado ikaimba. Mwiko ule wa kupikia wa jumuiya aliupenda kuliko kitenge chake cha harusi. Romana aliutaka. Alikuwa akisubiri siku Kandida atakapoteleza, na leo, katikati ya kukohoa, pua yake ilipata kitu. Akatoka mbio kumtafuta katekista, akarudi naye.

"Tumsifu Yesu Kristu," alisema Mwalimu Salvatory mlangoni. Suruali yake ilikuwa imelowa umande na kujaa mbigili mpaka magotini.

"Milele, amina," Kandida alijibu. "Karibuni. Ila polepole, mtoto ndiyo kwanza amelala."

"Mwalimu, huyu anapika nyama," alisema Romana. "Ijumaa Kuu! Mtu wa namna hii hawezi kutupikia Pasaka."

"Ni soya," alisema Kandida.

"Soya gani inanukia hivyo?"

"Iliyopikwa na mtu anayejua kupika, Mama Ritha."

Katekista akainua mkono. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana. "Nitaonja," alisema. "Kwa ajili ya ukweli."

Romana naye akasogea.

"Wewe ni mshtaki," katekista akamwambia. "Mshtaki haonji ushahidi. Kaa pale kwenye ndoo."

Kandida akaanza kupakua vipande vya soya, kimoja kimoja, kutoka juu juu.

"Chota chini, Mama Blessing. Huko juu ni mchuzi mtupu."

Kandida alitii. Akachota chini. Katekista alimpa Romana mgongo, akapeleka mkono mdomoni. Kitu kikalia kati ya meno yake, na Kandida akafumba macho, akauaga mwiko wake kimoyomoyo. Lakini katekista alitafuna, akameza, akaomba ugali. Akaomba tena. Ushahidi ulichunguzwa mpaka sufuria ikabaki na alama za mwiko.

"Soya," alitangaza, akijifuta midomo. "Mama Ritha, umemsingizia mwenzako siku aliyosulubiwa Bwana. Nenda kajiandae kwa ibada, na utubu."

Romana akaondoka amefura. Kandida alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mwiko ulikuwa bado wake.

Alimsindikiza katekista mpaka nje. Walipopeana mkono wa kwaheri, aliachiwa kitu kigumu kiganjani. Akafumbua vidole. Ilikuwa mifupa minne, imegugunwa mpaka inang'aa.

"Soya yako ina mbavu, Mama Blessing."

"Mwalimu, naomba unisamehe..."

"Nikusamehe nini, na mimi ndiye nimeimaliza? Wapikie watu Pasaka. Ila mimi nihifadhie paja." Kisha akashusha pumzi. "Maana Pasaka yangu imeshaharibika. Nilikuwa na beberu wangu mwekundu, nimemnenepesha tangu Krismasi. Usiku amekata kamba. Nimepita vichaka vyote vya Bonga, simwoni. Kwako hajapita?"

Kandida alitikisa kichwa.

"Ana kengele shingoni," alisema katekista. "Na leo za kanisani hazipigwi, mji mzima umenyamaza. Nikadhani ya kwake nitaisikia kirahisi."

Akasimama kimya, akatega sikio.

Ndani, Blessing aliamka, akaanza kutambaa.