Majibu Matano kwa Siku

Wembe ulikuwa umeshafika kooni mwa dereva wa lori pale kinyozi alipomwuliza, "Hivi ndugu yangu, wewe unaishi kwa ajili ya nini?"

Dereva alimtolea macho kwenye kioo. "Kaka, nikikosea jibu unanichinja?"

Waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Kinyozi alisubiri tu, wembe mkononi. Alikuwa amegundua kwamba mtu mwenye povu kidevuni hana pa kukimbilia, wala hana nguvu ya kudanganya.

"Naishi nifike," dereva akasema mwishowe. "Nikifika napakia tena, naondoka. Sijawahi kufikiria zaidi ya hapo."

Kinyozi akaandika kwenye daftari lake, akaendelea kunyoa. Hilo lilikuwa jibu la tatu siku hiyo. Yalibaki mawili, na saa kumi ndiyo saa ya kuona wagonjwa.

Majibu matano kwa siku: hayo ndiyo yalikuwa masharti ya binti yake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mbishi tangu utotoni, na sasa alikuwa wodini wiki ya saba, amekonda hadi baba yake akawa anaogopa kumshika mkono. "Madaktari wanataka kunipasua," alimwambia wiki ile ya kwanza. "Mimi nimekataa. Nikipona, niishi kwa ajili ya nini? Niletee jibu moja la maana, baba, nitasaini siku hiyohiyo. Na lisiwe la kwako. Uliza watu."

Kinyozi alimwendea daktari, akaambiwa mambo hayo azungumze na mgonjwa mwenyewe. Akarudi kitandani kwa bintiye, akabembeleza, akafoka, akalia. Mtoto hakutikisika.

Haya, watu wenyewe angewatoa wapi? Tangu afiwe na mkewe, saluni ilikuwa imefungwa mwaka na miezi minne. Alikuwa akishinda kitandani na nguo za jana, majirani wakibisha haitiki, na chai aliinywa pale tu binti alipopita kwenda shuleni akamshikia kikombe. Lakini mtoto alikuwa huyo mmoja tu. Kesho yake alitia mafuta kwenye kufuli lililoshika kutu, akafuta vioo, akafungua.

Akauliza. Fundi mwashi alisema anaishi ili mama yake alale chini ya paa lisilovuja. Mlinzi wa benki alisema watoto, basi, na akashangaa kwamba kuna mtu anauliza. Karani mstaafu alifikiri mpaka povu likamkaukia, akasema, "Mimi nakula, nalala, namwogopa mke wangu. Kama kuna zaidi ya hapo, sikuambiwa."

Kila alasiri binti alisikiliza amefumba macho, na kila alasiri alipata kasoro. Tena alikuwa na maswali ya ajabu.

"Huyo mlinzi, mlikula pamoja?"

"Nani kakwambia?"

"Daftari lina doa la mchuzi, baba. Na huyo karani, ulipomcheka alifanyaje?"

"Sikumcheka!"

"Ulimcheka. Kesho kaa naye kwenye benchi. Unauliza watu umesimama kama polisi."

Baba alitoka pale akinung'unika. Mtu yuko kwenye hatari ya kufa, naye anauliza habari za benchi! Usiku alisoma daftari lote upya, akitafuta neno moja alilolipita, neno la kumwokoa mwanawe.

Siku hiyo ya dereva alifika wodini akihema, kachelewa nusu saa.

"Nimeharibu," alisema kabla ya kukaa. "Nina matatu tu. Yule dereva kanigeuzia swali, wote wakaanza kunibana, nikajikuta nimejibu mimi. Muda ukapita."

Binti alifumbua macho. "Umejibu nini?"

"Upuuzi."

"Baba."

Kinyozi aliinama, akaona haya kama mtoto aliyevunja sahani. "Nimewaambia naishi Jumamosi ifike. Kuna bwana harusi nitamnyoa, ana kisogo kibaya, mwanangu, sijapata kuona. Kimekaa upande. Nataka kuona nitakiwezaje. Ndivyo nilivyosema. Nisamehe, nilijisahau."

Binti alianza kucheka. Kicheko kikamuumiza mbavu, machozi yakamtoka, na bado alicheka. Akaushika mkono wa baba yake kwa nguvu ambazo hakujua kama anazo bado.

"Ni hilo," alisema. "Hilo ndilo nililokuwa nasubiri. Yafute mengine yote."

"Kweli? Sasa umekubali?"

Lakini alikuwa ameshapitiwa na usingizi, uso umetulia. Kinyozi hakusubiri aamke. Alipita ukumbini mbiombio, akamkuta daktari ananawa mikono.

"Daktari, tayarisha chumba cha upasuaji! Mwanangu kakubali!"

Daktari alifunga bomba taratibu. Akavuta kiti, akamkalisha, na yeye akakaa.

"Mzee wangu," alisema, "upasuaji haukuwepo. Alipofika hapa ugonjwa ulikuwa umeshaenea, na tulimweleza siku ileile. Alituomba tusikwambie kwanza. Alisema ana mgonjwa anamwuguza, hawezi kumwacha katikati."

"Mgonjwa gani?"

"Hakumtaja. Kila asubuhi ananipa habari zake. Leo kaniambia anaendelea vizuri, ameanza kula na wenzake, na saluni anaifungua mwenyewe."